Ngoro Chini ya Njia ya Ligombe

Walikuwa sita, lakini sisi wa Mbuji tulizoea kusema watano.

Watano walikuwa wanakwaya wa kigango chetu. Binti yangu Dorothy alikuwa mmoja wao, sauti ya pili, umri wa miaka ishirini na miwili. Wa sita alikuwa Aidan, Mnyasa wa Ngumbo kule ziwani, ambaye kila juma alipandisha usipa, wale dagaa wa ziwa letu, akiuza nyumba kwa nyumba huku kwetu milimani. Juni ile kwaya ilialikwa kuimba kwenye jubilei ya padre mmoja huko ziwani. Daraja la barabara ya ziwani lilikuwa limechukuliwa na maji tangu Aprili. Wengi walizunguka na lori kupitia Mbinga mjini. Watano walikosa nafasi, wakaamua kuvuka mlima Ligombe kwa miguu pamoja na Aidan, ambaye siku hiyo alikuwa anarudi kwao. Ni mwendo wa kutoka alfajiri hadi jioni. Hawakufika.

Walipatikana siku ya nne. Watano walikuwa bondeni, mbali chini ya njia, wamelala karibu karibu, bila jeraha. Wawili walikuwa hawana viatu miguuni. Viatu vyao vilikuwa pembeni, vimekaa jozi jozi. Aidan alikuwa juu kabisa, kando ya njia, ameegemea jiwe.

Polisi walikuja wakapiga picha. Daktari akaandika kwamba ni baridi. Watu hawakukubali, kwa sababu baridi ya Juni tunaijua sote na hatufi. Wengine walisema radi, wengine hewa mbaya iliyotoka ardhini, wengine walitaja majina ya majirani zao. Maneno hayo yalichakaa moja baada ya jingine. Lililobaki ni hili: Aidan aliijua njia, wao hawakuijua, na yeye alikutwa juu ya njia wao wakiwa bondeni. Kwa hiyo aliwaacha.

Miaka kumi na mmoja ikapita. Baba yake Dorothy alifariki mwaka wa pili. Mimi nikaendelea kulima, kuchuma kahawa, kusali, na kuitwa Mama Dorothy.

Mwaka huu familia zikakubaliana kuuondoa msalaba wa mti ulioko kule mlimani na kuweka wa saruji wenye majina. Tulikutana nyumbani kwa Mzee Hyasinti, baba yake marehemu Pankras. Katekista Clemence akasoma barua iliyotoka ziwani. Ilikuwa ya Siwema, Mama Praygod, mjane wa Aidan. Ilikuwa na mistari mitatu tu. Aliomba jina la mume wake liandikwe pamoja na wengine.

Edina, ambaye alimpoteza mdogo wake, alisema, "Aandikwe kama nani? Kama mwongoza njia?"

Baadhi walicheka. Mzee Hyasinti hakucheka. Yeye ni mtu wa kupima maneno kabla ya kuyatoa.

"Mimi simchukii yule mama," alisema. "Mzazi yeyote kati yetu akisimama hapa akasema Aidan hakuwaacha, nitakubali jina liandikwe. Lakini aseme anachokijua. Asiseme anachokionea huruma. Fundi anaanza kazi Jumatatu ijayo. Tutakutana tena Jumapili baada ya misa."

Akatuangalia mmoja mmoja. Aliponifikia, nilitazama chini. Hata kwenye kikao cha mwaka ule wa msiba sikusema neno. Wengine walisema Aidan aliwaacha, mimi nikanyamaza, na katekista wa wakati ule akaandika kwamba familia zote tano zimekubaliana. Sikuwa nimekubali. Sikuwa nimekataa pia. Nilikuwa sijui, na sikwenda kuangalia.

Tulipotoka nilimwomba Clemence namba ya simu ya Siwema. Nilimpigia kesho yake, nimekaa juu ya gunia la mahindi, mahali ambapo mtandao unashika.

"Shikamoo," alisema baada ya mimi kujitambulisha.

"Marahaba, Mama Praygod. Nataka kwenda Ligombe. Nilikuwa nauliza kama njia ya upande wenu bado inapitika, kama mtu anaweza…"

"Mimi napanda Ijumaa," alisema. "Kila mwaka napanda. Hamjawahi kuniona kwa sababu hamjawahi kuja."

Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayetaja bei ya chumvi.

Nilimwomba jirani yangu Bonifasia anisindikize. Yeye ni mama yake Stephano, mmoja wa wale watano, aliyekuwa anapiga kinanda. Tumekaa mlango kwa mlango miaka thelathini, na tangu msiba tulikuwa tukienda kanisani pamoja na kurudi pamoja, tukizungumza au tusizungumze.

"Nenda wewe ukasalimiane na mashetani," alisema. "Mimi nitakulishia kuku."

"Na nisiporudi?"

"Nitawala."

Ijumaa nilipanda bodaboda alfajiri hadi nyumba ya mwisho, pale kahawa inapoishia. Dereva alisema atanisubiri hapo saa kumi na mbili jioni, wala hatapita hapo kwa hela yoyote. Nikaanza kupanda peke yangu. Nina tabia ya kuhesabu hatua. Niliianza shambani, kwa sababu ngoro hupimwa kwa miguu, na baada ya msiba niliona kwamba mtu anayehesabu hawezi kufikiria jambo jingine. Nilifika elfu nne nikaanza upya. Baada ya mashamba kuna msitu mdogo, kisha nyasi tupu. Hakuna ng'ombe, hakuna moshi. Upepo ulikuwa unatoka upande wa ziwa na sauti yake ilikuwa moja tu muda wote. Mara mbili niligeuka nikidhani kuna mtu nyuma yangu, na mara zote mbili niliona aibu, kwa sababu nilikuwa nimetamani awepo.

Siwema alikuwa ameshafika. Alikuwa amekaa chini ya jiwe, miguu ameinyoosha, kanga ameitandika. Nilitarajia mwanamke aliyekauka kwa majonzi. Nilikuta mama mnene wa miaka arobaini hivi, anatafuna muhogo.

"Shikamoo, Mama Dorothy. Nyie watu wa huku mnapanda kama mbuzi. Mimi nimepumzika mara tisa."

"Marahaba. Ninyi mmezoea kukaa kwenye mitumbwi."

"Tukae wapi, juu ya samaki?" Akasogea ili nami nipate nafasi kwenye kanga. "Karibu. Nilikuwa nampa Aidan habari za nyumbani. Nimemwambia Praygod amefeli hesabu tena. Hakushangaa."

Tulikula muhogo wake na usipa, tukala na ndizi zangu. Jiwe lile ni refu kuliko mtu. Msalaba wa mti ulikuwa hatua sabini chini yake, umeinama; ulisimikwa hapo kwa sababu wabebaji wa maiti siku ile hawakutaka kuusimika bondeni kwenyewe. Siwema alisema hajawahi kushuka kuupita. Yeye mtu wake alikuwa hapa juu.

"Nikuulize," alisema. "Ninyi mnasema aliwaacha. Aliwaacha akaenda wapi? Mtu anayewaacha wenzake huenda zake. Kutoka hapa kwenda kwetu ni mteremko tu. Mtoto angefika. Mbona alikaa?"

"Sijui," nilisema.

"Na mimi sijui. Nimekuja mara kumi na moja kumuuliza."

Ilikuwa kama saa saba na nusu. Nilimwambia nataka kushuka nione mahali Dorothy alipolala. Alinionyesha kwa kidole mti mmoja mkavu bondeni, kama alivyoelezwa na waliowabeba. Jua lilikuwa limetoka kidogo, mti unaonekana vizuri. Nilishuka nikaupita msalaba. Nyasi zilikuwa za kifuani, zimelowa. Nilipokaribia hatua mia tatu nilihisi ubaridi shingoni, nikageuka, na jiwe halikuwepo. Ukungu ulikuwa umeingia kutoka ziwani bila sauti. Nikageuka tena, na mti mkavu nao haukuwepo. Nilibaki na nyasi zilizonizunguka tu, na mikono yangu.

Nilisimama. Kisha nikapiga hatua moja ya kujaribu, na mguu ukapanda juu ya tuta.

Lazima nieleze hapa, kwa sababu msomaji anaweza kuwa hajawahi kulima kwetu. Sisi Wamatengo tunalima kwenye miteremko mikali, na ili mvua isichukue udongo tunachimba ngoro. Wanaume hufyeka nyasi na kuzipanga katika miraba. Sisi wanawake tunachimba udongo wa katikati ya kila mraba na kuzifunika zile nyasi, ndipo panabaki shimo katikati na matuta pande nne. Maharage na mahindi hupandwa juu ya matuta. Mlima mzima huonekana kama sega la nyuki. Nimechimba ngoro tangu nikiwa na miaka minane. Nikifungwa kitambaa usoni na kuwekwa juu ya tuta la ngoro, nitakuambia lilipo linalofuata.

Tuta, shimo, tuta. Nilipiga hatua nyingine mbili kuhakikisha. Viatu vilikuwa vinateleza kwenye udongo ulioloa, na sisi hatukanyagi ngoro mbichi kwa viatu. Nikavivua nikavishika mkononi. Nyayo zikasoma vizuri zaidi. Zilikuwa ngoro, zimepangwa sawasawa, kazi ya mikono iliyojua.

Furaha iliyonishika siwezi kuieleza. Kwetu hakuna anayechimba ngoro mahali asipoweza kufika kila siku na mtoto mgongoni na jembe begani. Kila mgongo wa mlima ulio kati ya vijito viwili ni ntambo ya ukoo mmoja, na nyumba huwa katikati ya ntambo, mashamba juu yake na mashamba chini yake. Ukikanyaga ngoro umefika kwa watu. Unachotakiwa kufanya ni kufuata matuta kushuka tu.

"Mama Dorothy," sauti ya Siwema ilitoka juu. "Umefika wapi?"

"Mama Praygod, shuka. Kuna watu huku."

"Watu gani?"

"Kuna shamba. Nyumba itakuwa hapo chini. Shuka tukaote moto, ukungu ukiondoka tutarudi."

"Huko hakuna watu. Mimi nimekaa hapa miaka kumi na mmoja, sijawahi kuona hata moshi."

"Nakanyaga ngoro zao."

"Hayo ni mashimo tu. Panda urudi."

Nilicheka peke yangu. Mnyasa atajua nini kuhusu ngoro. Niliendelea kushuka, nikihesabu mistari kama ninavyohesabu shambani kwangu. Mitano. Tisa. Baridi ilikuwa imeingia ndani ya nguo lakini sikuijali, kwa sababu nilikuwa tayari nauona moto, mama wa nyumba akiniuliza natoka wapi, akinipa kigoda. Siwema aliendelea kuita. Nilisikia kila neno. Kumi na nne. Aliita jina la binti yangu akimaanisha mimi, akasema nisiwe mkaidi, akasema bonde lile lina miamba. Nilimwona kama mtu anayenizuia kwenda nyumbani. Kumi na nane. Ishirini.

Kwenye mstari wa ishirini na mbili niliteremka kwenye shimo na kifua changu kikagonga mti. Niliukumbatia ili nisianguke. Mikono yangu miwili haikufikiana.

Ulikuwa umeota katikati ya shimo la ngoro.

Nilikaa chini pale pale. Mti wa unene huo una miaka mingapi? Arobaini, hamsini. Nilimkumbuka marehemu mama mkwe wangu akisema kwamba zamani kulikuwa na ukoo huku juu, kabla watu hawajahamishwa kwenye vijiji. Waliondoka na nyumba zikaanguka. Ngoro zikabaki chini ya nyasi. Wabebaji walipokuja siku ya nne jua lilikuwa kali, nadhani, na kwenye jua kila mtu angeona miti iliyoota mashimoni na kujua kwamba hapa hakuna mtu. Wangepita bila kufikiria. Ni kwenye ukungu tu, kwa nyayo, ambapo shamba lile bado ni shamba. Na ni kwa mtu wa kwetu tu.

Niliviangalia viatu vyangu. Nilikuwa nimeviweka pembeni, jozi.

Nilipotaka kusimama sikujua juu ni wapi, kwa sababu pale mti ulipo mteremko umejikunja. Niliita. Siwema akaitika. Sauti yake ilikuwa imekwaruza sasa, lakini ilitoka mahali pamoja, haikuhama. Nilipanda kuifuata. Kila nilipokawia kujibu aliita zaidi. Nilipolifikia jiwe alikuwa amesimama, ameliegemea kwa mgongo, mikono ameizungushia mdomoni, anatetemeka kwa baridi.

"Kwa nini hukunifuata?" nilimuuliza. Sikuwa namlaumu. Nilitaka kujua.

"Ningekufuata wapi? Ningehama hapa, ungerudi vipi?"

Halafu akageuka akaliangalia jiwe. Tukaangaliana. Sikuwa na haja ya kusema, lakini nilisema, kwa sababu alistahili kusikia kwa mdomo. Nilimweleza habari za ngoro, za ntambo, za mti. Nilimwambia kwamba nilimsikia na sikumwamini. Nilidhani atalia au atanishika mkono. Alikaa juu ya kanga yake akaanza kukusanya maganda ya muhogo.

"Miaka kumi na mmoja," alisema. "Mashimo yenu wenyewe."

"Ndiyo."

"Na hakuna hata mmoja wenu aliyekuja kukanyaga."

"Hakuna."

Alifunga maganda kwenye mfuko wa plastiki, akaufunga fundo mara mbili. Ukungu ulipoinuka kidogo, kila mmoja alishika upande wake. Hakugeuka kuniaga, nami sikumtarajia ageuke.

Jumapili baada ya misa tulikaa tena kwa Mzee Hyasinti. Nilisimama. Miguu ilikuwa inauma bado. Niliwaeleza kama nilivyoeleza hapa, kwa mpangilio, tangu jiwe hadi mti. Sikusema Aidan alikuwa mtu mwema, kwa maana sikumjua zaidi ya kununua usipa kwake. Nilisema, "Sikuwepo siku ile. Siwezi kuapa. Ninachokijua ni kwamba ngoro zipo, na kwamba kwenye ukungu zilinichukua mimi, mtu mzima, mistari ishirini na miwili. Dorothy wangu alizaliwa kwenye ngoro. Nadhani alishuka mwenyewe. Nadhani alifurahi."

Edina ndiye aliyejibu kwanza.

"Kwa hiyo watoto wetu walikuwa wajinga."

"Sikusema hivyo, mdogo wangu."

"Umesema Mnyasa aliwaita wakakataa. Umesema walijiua."

"Nimesema walidhani wamefika nyumbani."

Mzee Hyasinti aliinua mkono. Alikuwa anatazama sakafu. "Angekuwa anaita," alisema polepole, "wasingesikia?"

"Mimi nilisikia, mzee. Nilisikia kila neno. Sikumwamini, kwa sababu alikuwa Mnyasa na mimi nilikuwa nakanyaga ngoro."

Alifikiri. Nadhani alikuwa anamfikiria Pankras, ambaye kila mtu anajua alikuwa kijana wa kutosikia. Alifuta uso kwa kiganja, akamgeukia Clemence.

"Mwambie fundi majina sita."

Edina alitoka. Wengine walibaki wakanywa chai, lakini hakuna aliyekaa kwenye benchi langu. Niliwaelewa. Kwa miaka kumi na mmoja kulikuwa na mtu wa kumlaumu, naye hakuwa wa kwetu. Nilikuwa nimewaondolea huyo, na sikuwa nimewaletea mwingine wa kushika nafasi yake isipokuwa watoto wenyewe.

Bonifasia ndiye niliyemtafuta. Nilimkuta getini, kitenge ameshajifunga kichwani kwa safari.

"Stephano alikuwa muoga wa giza," alisema. "Asingemwacha mtu anayeijua njia."

"Labda yeye alikuwa wa mwisho kushuka."

"Usinipe labda zako, Tadea." Hajawahi kuniita Tadea. "Ulikuwa umenyamaza vizuri tu."

Akatangulia. Niliacha umbali ili asidhani namfuata. Barabara ile tumeitembea sisi wawili maelfu ya mara, na siku hiyo niliona kwa mara ya kwanza jinsi ilivyo pana. Nilipofika nyumbani mlango wake ulikuwa umefungwa na moshi unatoka jikoni. Sikubisha. Labda atakuja mwenyewe mahindi yakikomaa. Labda hatakuja.

Jioni nilikaa juu ya gunia nikampigia Siwema. Nilimwambia imekubaliwa.

"Wengine mtawaandika vipi?" aliuliza. "Jina moja au mawili?"

"Mawili. Lake na la baba yake."

"Na la Aidan?"

Ndipo nilipotambua kwamba silijui. Nilinunua kwake miaka minne, jina lake likakaa midomoni mwetu miaka kumi na mmoja, na hakuna hata mmoja kati yetu aliyewahi kuuliza alikuwa mtoto wa nani.

"Ngoja," nilisema. "Nachukua kalamu."

"Wilfred," alisema Siwema. "Aidan Wilfred."

Niliandika. Kisha nikamsomea, naye akasema ndiyo, ndilo hilo.